Hulka Zetu na Umahiri wa Kuishi na Watu wa Utamaduni Mwingine



Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu jambo ambalo mseminari hulikuta siku ya kwanza anapoingiza sanduku lake bwenini, na mwamini hulikuta siku paroko mpya anapotambulishwa mbele ya altare. Watu wa imani moja, waliolelewa katika desturi tofauti, wanatakiwa kuishi pamoja, kusali pamoja na kuhudumiana. Wapo wanaolimudu jambo hili mapema. Wengine, wenye akili nzuri na sala za kutosha, huteseka nalo kwa miaka, na katika kuteseka kwao huwatesa na wengine. Je, tofauti hii inatoka katika hulka waliyozaliwa nayo, au katika jambo linaloweza kufundishwa?

Jibu letu lina matokeo. Tukisema ni hulka peke yake, asiyejaliwa hulka hiyo hana la kufanya, na kazi ya walezi inabaki kuchagua nani apite na nani arudi nyumbani. Tukisema ni mafundisho peke yake, tutadhani semina ya siku tatu inatosha kumwandaa mtu kwa utume wa maisha yote. Somo hili litaonyesha kwamba hulka ni kama udongo, na umahiri ni kama shamba lililolimwa. Udongo ni tofauti, tena kila udongo una kinachostawi na kinachokataa. Lakini hakuna udongo unaojilima wenyewe.

1. Tuelewane kuhusu maneno

Hulka ni namna ya kuhisi, kufikiri na kutenda ambayo mtu huionyesha mara kwa mara, popote alipo. Hulka zote kwa pamoja, jinsi zinavyokutana ndani ya mtu mmoja, ndizo zinazofanya haiba yake. Hulka si dhambi wala si fadhila. Mtu kuwa mkimya si unyenyekevu, na mtu kuwa msemaji si majivuno. Fadhila huja pale mtu anapoitawala hulka yake kwa akili, kwa mazoezi na kwa neema.

Utamaduni ni jinsi watu wanavyoishi na kuyapa mambo maana: wanavyosalimiana, wanavyozika, wanavyokaa kikao, wanavyokataa jambo bila kutamka neno "hapana", nani huanza kula na nani hungoja. Sehemu kubwa ya utamaduni haionekani kwa mwenyewe, kwa sababu anaichukulia kuwa ni utu wa kawaida tu.

Umahiri tunaouzungumzia ni uwezo wa kuwasiliana na kutenda vizuri miongoni mwa watu wa utamaduni mwingine. "Vizuri" hapa ina pande mbili. Kwanza, ulichokusudia kinafanikiwa: mafundisho yanaeleweka, mgonjwa anafarijika, mgogoro unatulia. Pili, ulichofanya kinawafaa wenyeji, hawajioni wamedharauliwa. Upande huu wa pili hauamuliwi na wewe. Mwenye kusema kama umefaa ni mwenyeji wako.

2. Makundi matano ya hulka

Wanasaikolojia wengi wa siku hizi huzipanga hulka za binadamu katika makundi makubwa matano. Hakuna mtu aliye na moja tu. Kila mmoja wetu anazo zote kwa viwango mbalimbali. Tuzitazame moja moja, tukiuliza maswali mawili: inasaidia nini katika kuishi na watu wa utamaduni mwingine, na mtego wake uko wapi?

Ya kwanza ni uwazi wa fikra, yaani hamu ya kujua mambo mapya na kufikiri kwa njia mbalimbali. Mwenye hulka hii akifika ugenini huuliza, huonja, husikiliza hadithi za wazee. Mtego wake ni kubaki mtalii: anapenda ngoma na vyakula vya wenyeji, lakini upya ukiisha, hamu nayo inaisha, na watu wanabaki na shida zao. Mtego mwingine ni kupokea kila desturi bila kupambanua. Utamadunisho, kama Kanisa linavyoufundisha, una njia mbili: Injili inaingia katika utamaduni, na utamaduni nao unatakaswa na Injili.

Ya pili ni uangalifu, yaani mpangilio, nidhamu na kutimiza ahadi. Padre mwangalifu hasahau kigango cha mbali, wala hapotezi hesabu za parokia. Kwa kuwa hujiandaa, hukumbuka pia kujifunza lugha kila siku, hata siku ambazo hana hamu. Mtego wake ni kuamini kwamba ratiba yake ndiyo utaratibu wa Mungu. Waamini waliotembea saa mbili kwa miguu kufika Misani wanachelewa, naye anausoma uchelewaji wao kama dharau.

Ya tatu ni uchangamfu. Mchangamfu huingia kila nyumba; baada ya wiki chache anawajua viongozi wa jumuiya zote kwa majina. Ugenini hii ni zawadi kubwa, kwa sababu mtu hujifunza utamaduni kwa kukutana na watu. Mtego wake ni kusema pale ambapo adabu ni kunyamaza. Yapo mazingira, hasa msibani na katika vikao vya wazee, ambapo mgeni huheshimiwa kwa jinsi alivyokaa kimya mkekani kuliko kwa maneno mazuri aliyoyasema. Hapo mseminari mkimya, ambaye wenzake walidhani hatafaa kwa uchungaji, anaweza kuwa ndiye anayepokelewa kwanza.

Ya nne ni upatanifu, yaani moyo wa kuwajali wengine na kupenda amani. Mwenye hulka hii hana makali, huona haraka kwamba fulani ameumia, na yuko tayari kuacha haki yake ili wengine wapate nafasi. Mtego wake ni kuogopa kusema ukweli. Katika parokia yenye kabila moja kubwa na mengine madogo, mtu wa namna hii anaweza kufuata wenye nguvu, huku akijiambia kwamba analinda umoja.

Ya tano ni utulivu wa hisia. Kinyume chake ni wepesi wa kufadhaika, kukasirika na kuhuzunika. Maisha ya ugenini huchosha. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala iliyochapishwa mwaka 1960, alieleza hali inayompata mtu anapopoteza ishara zote alizozizoea za kumwambia aseme nini na lini: anachoka bila sababu, anakumbuka nyumbani kupita kiasi, anahofia chakula na maji, na anaanza kuwalaumu wenyeji kwa kila kitu. Mtulivu hupita hali hii bila kuvunjika. Hata hivyo, mtulivu naye ana mtego: kwa kuwa yeye haumii upesi, anaweza asitambue kwamba amewaumiza wengine.

3. Watafiti wameona nini?

Mwaka 2000, Karen van der Zee na Jan Pieter van Oudenhoven wa Uholanzi walitoa dodoso la kupima hulka zinazomsaidia mtu kufanya kazi katika mazingira ya tamaduni nyingi. Dodoso hilo lilikuja kupima tano: kuhisi pamoja na mtu wa utamaduni mwingine, uwazi wa fikra, moyo wa kuanzisha mahusiano, utulivu wa hisia, na unyumbufu, yaani kuweza kuacha njia uliyoizoea na kushika nyingine pale hali inapodai. Msomaji ataona kwamba baadhi zinafanana na zile tulizokwisha kuzitaja, lakini zimeelekezwa mahali maalumu. Mtu anaweza kuwa na huruma kubwa kwa watu wa kwao, na huruma hiyo ikafa ganzi mbele ya mtu anayelia kwa namna asiyoizoea.

Mwaka 2006, Soon Ang, Linn Van Dyne na Christine Koh walichapisha utafiti uliolinganisha makundi matano ya hulka na kile kinachoitwa akili ya kitamaduni. Waliigawa akili hiyo katika sehemu nne: kutambua na kukagua mawazo yako mwenyewe unapokutana na wageni, kuwa na maarifa juu ya tamaduni, kuwa na ari ya kujifunza, na kuweza kubadili matendo yako. Uwazi wa fikra ulihusiana na sehemu zote nne. Uangalifu ulihusiana na kukagua mawazo. Upatanifu na utulivu wa hisia vilihusiana na matendo. Uchangamfu ulihusiana na maarifa, ari na matendo.

Tujifunze nini hapo? Kwanza, hakuna hulka moja inayobeba umahiri wote. Hata mwangalifu asiye mchangamfu ana mlango wake wa kuingilia. Pili, uhusiano si hatima. Tafiti za namna hii zinaeleza mwelekeo wa watu wengi kwa ujumla. Haziwezi kumtabiria frateri mmoja jinsi utume wake utakavyokuwa. Tatu, madodoso mengi ya aina hii hutegemea mtu kujieleza mwenyewe, na sisi binadamu hujipima kwa kipimo cha huruma. Ndiyo maana katika malezi ya seminari dodoso haliwezi kuchukua nafasi ya mlezi anayekaa na mtu, wala ya wenzake wanaolala naye bweni moja.

4. Hatari ya kusema "sisi sote ni wamoja"

Mwaka 1986 Milton Bennett alieleza hatua sita ambazo mtu huweza kuzipitia katika kukutana na tofauti za kitamaduni. Katika hatua ya kwanza mtu haoni tofauti. Katika ya pili anaziona, naye anajihami: kwetu ni bora, kwao ni nyuma. Katika ya tatu anazipunguza: anasema tofauti ni ndogo, sote ni sawa. Baada ya hapo huja kuzikubali, kisha kujirekebisha, na mwisho kuzifanya kuwa sehemu ya nafsi yake.

Kwetu Tanzania hatua ya tatu inastahili kuangaliwa kwa makini. Nchi ina makabila zaidi ya 120, lakini tunasali kwa Kiswahili, tunasoma kwa Kiswahili, tunataniana kwa Kiswahili. Hii ni baraka ambayo majirani wengi wanaitamani. Lakini lugha moja inaweza kufunika tofauti zisionekane. Padre anahubiri, watu wanaelewa kila neno, naye anadhani ameeleweka. Anaitisha kikao, anauliza, "Tumekubaliana?", wazee wananyamaza. Alikokulia yeye ukimya ni kukubali. Hapa ukimya ni njia ya heshima ya kumwambia kijana kwamba jambo hilo halijaiva. Mwezi mmoja baadaye hakuna mchango uliotolewa, na padre anawaita watu wagumu.

Vivyo hivyo maneno "sisi sote ni Wakristo" ni ya kweli kabisa, lakini yanaweza kutumika kumziba mdomo anayelalamika. Hulka nayo inaingia hapa. Mpatanifu huipenda hatua hii kwa sababu haina ugomvi. Mwangalifu huipenda kwa sababu utaratibu mmoja unawatosha wote. Kila mmoja ana sababu yake ya kutotaka kuona.

5. Petro, Barnaba na Paulo kule Antiokia

Maandiko Matakatifu yanatupa kisa kinachoonyesha hulka zikijaribiwa. Barnaba, ambaye mitume walimpa jina lenye maana ya mwana wa faraja (Mdo 4:36), ni mfano wa upatanifu. Wote walipomwogopa Sauli, ni yeye aliyemchukua mkono na kumpeleka kwa mitume (Mdo 9:27). Kanisa la Yerusalemu liliposikia kwamba watu wa mataifa wameanza kuamini huko Antiokia, lilimtuma yeye. Naye alipofika hakuanza kwa kukagua makosa, alifurahi kuiona neema ya Mungu, kisha akaenda kumtafuta Sauli waje wafanye kazi pamoja (Mdo 11:22-26). Hulka yake ilikuwa daraja.

Petro alikuwa mtu wa kuwaka haraka. Lafudhi yake ya Galilaya iliwahi kumtambulisha uani kwa kuhani mkuu (Mt 26:73), hivyo alijua maana ya kutambuliwa kwa matamshi. Nyumbani kwa Kornelio alivuka mpaka mkubwa, akaingia na kukaa na watu wasiotahiriwa (Mdo 10). Lakini kule Antiokia, walipofika watu kutoka kwa Yakobo, Petro alijitenga na meza ya watu wa mataifa kwa kuwaogopa. Na Mtume Paulo anaandika kwa uchungu kwamba hata Barnaba alichukuliwa na unafiki huo (Gal 2:11-14).

Tuone jambo hili vizuri. Upole ule ule uliomfanya Barnaba awe daraja ndio uliomfanya ashindwe kusimama wakati kundi zima lilipohama meza. Ilimhitaji Paulo, mtu wa makali, kusema mbele ya wote kwamba mwenendo huo haukuwa sawa na ukweli wa Injili. Lakini Paulo naye hakukamilika kwa hulka yake: ukali huo huo ulimfanya yeye na Barnaba watengane kwa ajili ya Marko (Mdo 15:36-40). Hivyo basi, Kanisa la Antiokia halikusimama kwa sababu lilimpata mtu mmoja mwenye hulka zote. Lilisimama kwa sababu watu wa hulka tofauti walikubali kukosolewa na ukweli ule ule.

Na Paulo huyo huyo, mgumu kwa silika, ndiye anayeandika kwamba amejifanya mtumwa wa wote, kwa Wayahudi kama Myahudi, kwa wasio na sheria kama asiye na sheria (1Kor 9:19-23). Huo ni unyumbufu uliojifunzwa kwa gharama.

6. Mfano wa Loliondo

Katika miaka ya 1960, Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifanya utume kati ya Wamaasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Misheni ilikuwa na shule na hospitali, lakini Wamaasai wenyewe hawakuwa wameipokea Injili. Aliomba ruhusa ya askofu aende kwenye maboma yao, azungumze nao juu ya Mungu bila kutanguliza huduma nyingine. Aliyasimulia hayo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1978.

Baada ya mafundisho ya muda mrefu katika boma moja, Padre Donovan alianza kupambanua nani abatizwe na nani asibatizwe: huyu alihudhuria, yule hakuhudhuria sana, mwingine hakuonyesha bidii. Mzee wa boma, Ndangoya, alimzuia. Alimweleza kwamba wao ni jamii moja. Walio wavivu walisaidiwa na wenye bidii, wazito wa kuelewa walisaidiwa na wepesi. Padre alitafakari, akakubali kuwabatiza wote kwa pamoja.

Wanateolojia wanaweza kujadili uamuzi huo kwa upande wa sheria na malezi ya wakatekumeni, na mjadala huo ni halali. Sisi tutazame kilichotokea ndani ya mchungaji. Alikuwa na utaratibu wake, amekuja nao kutoka utamaduni unaompima kila mtu peke yake. Mzee asiye na ubatizo alimwonyesha maana ya jamii, jambo ambalo Kanisa lenyewe linalifundisha. Uchangamfu peke yake usingemfikisha hapo, wala elimu peke yake. Ilihitajika utulivu wa kutoona pingamizi kama tusi, na unyenyekevu wa kukubali kwamba mwanafunzi anaweza kumfundisha mwalimu.

7. Hulka haitoshi: mazingira nayo yana kazi

Tusije tukamwachia mtu mmoja mzigo wote. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wawe wavumilivu, wala hawakusema kwamba manung'uniko hayo ni ya kikabila. Waliweka huduma mpya, na watu saba waliochaguliwa wote wana majina ya Kigiriki. Waliosahauliwa walipewa sauti katika mgao wenyewe.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba watu wa makundi tofauti kukutana tu hakuondoi chuki. Kukutana husaidia zaidi pale ambapo watu wana hadhi sawa, wana lengo moja, wanafanya kazi kwa kushirikiana, na viongozi wao wanaunga mkono jambo hilo waziwazi. Seminari inaweza kuwa na masharti yote manne: sare moja, wito mmoja, kazi za mikono za pamoja, walezi wanaosimamia. Lakini kama mezani watu wa jimbo moja hukaa pamoja kila siku, na timu ya mpira huchaguliwa kwa kufuata lugha ya nyumbani, nafasi hiyo inapotea mbele ya macho yetu. Parokiani ni hivyo hivyo. Uongozi wa jumuiya ndogondogo, kwaya na Halmashauri Walei unapokuwa wa ukoo au kabila moja, hata paroko mwenye haiba nzuri kiasi gani ataishia kuzima moto.

Gharama ya kupuuza haya tunaijua. Sinodi ya kwanza ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili 1994, siku chache baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kuanza nchini Rwanda. Nchi ile ilikuwa na Wakatoliki wengi, na watu wake walizungumza lugha moja. Lugha moja na ubatizo mmoja havikuzuia jirani kumwinukia jirani. Sinodi hiyo hiyo ndiyo iliyochagua kulieleza Kanisa la Afrika kama Familia ya Mungu, fundisho ambalo Papa Yohane Paulo II alilitoa mwaka 1995 katika wosia wa Ecclesia in Africa. Ndugu msomaji, familia hiyo haijengwi kwa kuitaja. Inajengwa na watu waliojizoeza kukaa meza moja na yule wasiyemzoea, kabla siku mbaya haijafika.

8. Hatua za malezi

Katika wosia wa Pastores Dabo Vobis wa mwaka 1992, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba padre anapaswa kuiunda haiba yake ili iwe daraja la watu kukutana na Kristo, isiwe kikwazo (na. 43). Neno "kuiunda" linadai kazi. Tupendekeze hatua tano.

Kwanza, ijue hulka yako. Andika mambo matatu yanayokukasirisha upesi kwa watu wa mahali pengine. Kwa kawaida yatakuonyesha hulka yako na utamaduni wako kuliko makosa yao. Yapeleke kwa baba wa kiroho au mlezi, na uwe tayari kusikia jambo usilolitarajia.

Pili, jifunze lugha, hata kama Kiswahili kinatosha. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwaagiza watu wake wajifunze lugha ya watu, wale chakula chao na wavae kama wao. Bibi wa Kisukuma anaposikia padre mgeni anamwamkia "Mwangaluka", anajua kwamba mtu huyu amejisumbua kwa ajili yake. Mkimya na mwangalifu wana nafasi hapa, kwa sababu lugha hupatikana kwa kusikiliza na kwa kurudia.

Tatu, tafuta mwalimu mwenyeji. Katekista mzee au mama mwenye busara wa jumuiya anaweza kukueleza nini kilichotokea kikaoni. Mwulize kwa uwazi: "Leo niliwakwaza wapi?" Kisha usijitetee.

Nne, tenganisha ulichokiona na maana uliyokipa. "Mzee alinyamaza" ni ulichokiona. "Mzee ananidharau" ni maana uliyoongeza. Kati ya hayo mawili weka swali. Zoezi hili ni la lazima hasa kwa mwepesi wa kufadhaika, maana hisia zake humpa maana kabla hajauliza.

Tano, heshimu mipaka ya utani. Wazee wetu walituachia hekima kubwa: makabila yaliyowahi kupigana, kama Wangoni na Wahehe, yakageuka watani, wakaweza kuambiana mambo makali bila kuumizana, tena wakasaidiana misibani. Lakini utani una wenyewe na una kanuni zake. Si kila mzaha juu ya kabila la mtu ni utani. Mzaha unaorudiwa bwenini kila jioni kwa mtu mmoja, ambaye hana mtani wa kumrudishia, ni jeraha. Mchangamfu ajichunguze hapa kwanza.

Na ninyi waamini mna sehemu yenu. Padre mgeni akikosea desturi, msimsengenye sokoni. Mtumeni mzee amweleze faraghani. Msimlinganishe kila siku na aliyemtangulia. Msidai "padre wa kwetu", kwa maana aliyewekwa wakfu ni wa Kristo, na kwa Kristo hakuna ugeni. Mkumbuke pia kwamba mkimya anaweza kuwa anawapenda kama msemaji.

9. Hitimisho

Mwana wa Mungu alipotwaa ubinadamu hakuutwaa ubinadamu usio na kwao. Alikulia Nazareti, akala na kuzungumza kama watu wa Galilaya, na alikaa huko miaka mingi kabla ya kufungua kinywa kuhubiri. Aliyejua yote alikubali kujifunza lugha kutoka kwa mama yake. Neema, kama Kanisa linavyofundisha pamoja na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, haibomoi maumbile, huyakamilisha. Mungu hatamgeuza Barnaba kuwa Paulo. Atamwomba Barnaba asimame mezani pale wengine wanapoondoka, na atamwomba Paulo amngoje Marko akue.

Maswali ya kutafakari, peke yako au katika jumuiya

1. Kati ya makundi matano ya hulka, ni lipi lenye nguvu zaidi ndani yangu? Limewasaidia nani, na limemwumiza nani?

2. Katika seminari au parokia yetu, ni nani anayekaa pembeni mezani? Tumewahi kumwuliza kwa nini?

3. Taja jambo moja katika utamaduni wa jirani yako ambalo ulilihukumu kabla ya kulielewa. Ni nani anayeweza kukueleza maana yake?

4. Ni mzaha gani tunaoutumia ambao anayetaniwa hacheki?

5. Soma Gal 2:11-14. Katika mgogoro wa mwisho ulioushuhudia, ulikuwa Petro, Barnaba au Paulo?